Mpagazi, Sehemu ya Pili

Mwanangu Rehema aliniambia kwa upole, kama mtu anayempa mgonjwa habari, kwamba ile filamu niliyomsifia tangu akiwa mdogo ni mbovu. Aliitafuta mtandaoni siku nyingi, akaipata, akaiweka kwenye kompyuta yake Jumapili moja mchana tulipomaliza kula, na kwanza akanisomea yale watu wanayoandika juu yake: ndefu mno, maadui watatu pale ambapo mmoja angetosha, shujaa kavalishwa mashine mpaka haumii tena, mwanamke hana kazi. Nikamwambia hao hawajui filamu, wakae kimya. Tukaitazama. Jamani, ni mbovu. Nilikaa kwenye kochi langu hapa Tanga nikiitafuta ile sinema niliyoiona nikiwa na miaka kumi na tisa, katika banda la video la Kasulu, na picha zilikuwa zile zile, daraja lile lile, moshi ule ule, ila sinema yenyewe haikuwemo. Karibu na mwisho shujaa anasimama mlangoni na kumwambia mchumba wake neno moja kabla ya kuondoka. Maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza changu si cha kujivunia, nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote, lakini hilo nalijua. Anamwambia amsubiri. Nikamwambia Rehema arudishe nyuma. Amsubiri. Akarudisha tena, kisha akaniuliza nina nini. Nikamjibu kwamba sivyo alivyosema, yule alisema "unilindie". Rehema akanitazama akacheka, akasema mama, huyu Mzungu hajawahi kusema Kiswahili hata siku moja.

Kweli, hakuwahi. Aliyesema ni Bukuru.

Mwaka huo nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri matokeo na nafasi ya chuo, na Shangazi alinihitaji dukani Kasulu. Duka lilikuwa la kanga, sabuni, betri na mafuta ya kupaka, na nyuma yake, ng'ambo ya ua uliokuwa na karo la kuoshea vyombo, mume wa Shangazi alijenga banda la mabanzi, akalitandika turubai juu, akaweka mabenchi kumi na mawili, televisheni moja kubwa yenye kitambaa cha kufuma, deki, spika mbili, na jenereta iliyokohoa kama mzee. Asubuhi za Kasulu ni za baridi, nilivaa sweta mbili nikikaa kaunta, mikono imekumbatia kikombe cha chai ya tangawizi. Shangazi alikaa mji ule miaka thelathini na Kiha chake kiliishia kwenye salamu, "mwakeye" ya asubuhi, basi, na hata hiyo aliitoa kwa sauti ya Kitanga. Alililia nazi kila alipoinjika wali. Alipikia mawese, wali ukatoka mwekundu, na alipoupakua alikuwa akiuomba radhi wali wenyewe, mimi nikila sahani mbili. Wateja wake wengi walikuwa akina mama waliotoka vijijini na vikapu vya maharage na ndizi. Wakifika kaunta waliniachia kikapu, wakaniambia, "Dada, unilindie kidogo," wakatokomea sokoni. Nami nilikilinda. Sikubanduka, macho kwenye kikapu, hata haja ndogo niliibana. Wakirudi walinikuta pale pale na kikapu chao, wakashukuru, nami nikajiona mlinzi hodari. Sikuwa na sababu ya kuuliza lolote.

Bukuru alikuwa DJ wa lile banda. DJ kwetu hakuwa mpiga muziki. Alikuwa mtu anayekaa pembeni ya televisheni na kipaza sauti, anapunguza sauti ya filamu, anaisema yote kwa Kiswahili, wanaume kwa wanawake, mabomu, mbwa, na maoni yake mwenyewe juu yake. Alitoka Busunzu, upande wa Kibondo, pacha wa kwanza kama jina lake linavyosema, mrefu, mwenye shati moja jeupe alilolifua kila jioni. Kiingereza alikipata shuleni, akakinoa alipokuwa mkalimani wa wageni katika kambi ya wakimbizi. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni na cha nyumbani vilivyogongana mlangoni. Alisema "mrango", alisema shujaa "anarara", na mara moja, penye huzuni kubwa, aliposema bibi harusi "anarira", mimi peke yangu niliangua kicheko banda zima likanigeukia. Filamu ilipokwisha alinifuata kaunta. Nilidhani atanigombeza. Akaweka daftari mbele yangu, lile la kurasa nyingi lenye jalada gumu jeusi, alimoandika maneno ya kila filamu kabla ya kuionyesha, akaniambia kwa kuwa najua kucheka basi nisahihishe. Nikachomoa kalamu nyekundu ya Shangazi. Tangu siku hiyo tukagawana lugha. Kiingereza kilikuwa chake, sikukigusa. Kiswahili kilikuwa changu, hakubisha.

Ndivyo tulivyoishi miezi tisa. Saa nane mchana, duka likipoa, alikaa upande wa pili wa kaunta na mihogo ya kukaanga kwenye gazeti, mimi na kalamu, na kila nilipokuta "r" iliyokaa mahali pa "l" niliizungushia duara na kumsomea kwa sauti ya mwalimu mkuu. Palipokuwa safi nilipiga alama ya vema. Alizipenda vema zangu kuliko alivyotaka nijue, alikuwa akigeuza kurasa akizihesabu kwa macho. Naye alinitania kwamba Kiswahili cha Tanga kinaimba hata kinapotukana. Shangazi alitusikiliza kutoka ndani akikohoa kikohozi kisicho na ugonjwa. Nilimpenda. Naliandika hapa kwa sababu sikuwahi kulisema popote, si kwake, si kwa Shangazi, na marehemu baba Rehema hakuuliza.

Filamu tuliyoitukuza kuliko zote ilikuwa ya mtu mpakia mizigo bandarini anayepata nguvu ya kubeba chochote duniani, gari, nyumba, daraja, lakini uzito wote unamrudia mabegani akishaweka chini. Bukuru alimwita Mpagazi, na Kasulu ikampokea kama ndugu aliyekuwa safarini. Mji wa watu wanaosukuma baiskeli zenye mikungu sita ya ndizi kupanda mlima hauhitaji kuelezwa maumivu ya mabega. Nilikuwa kaunta nikiwasikia wanaume kwenye benchi la nje wakibishana kama angeweza kubeba lori la mkaa lililozama tope barabara ya Kibondo, na mmoja akasema angelibeba, ila usiku ule nani angemkanda? Maana katika sehemu ya kwanza yupo mchumba wake, muuguzi, anayemkanda mabega kwa maji ya moto, na ndiye anayemwambia abebe nini na aache nini. Wanawake waliingia bandani kwa ajili ya huyo muuguzi.

Sehemu ya pili ilipofika tuliingoja kama harusi. Bukuru aliitazama peke yake siku mbili ili aandike, akatoka na uso wa mtu aliyekula kitu kibaya kwa watu. Akanisimulia. Wamemvalisha Mpagazi mashine, haumii. Sasa asipoumia, akauliza, kubeba kuna maana gani? Wameleta maadui watatu, wawili hata majina hawana. Dada Mwanaidi, akaniambia, na yule muuguzi amekalishwa dirishani. Filamu nzima yuko dirishani. Nikamwambia basi airekebishe, kipaza sauti si anacho yeye. Akacheka, akasema kazi ya mkalimani ni kusema kilichosemwa, hata kambini aliwatafsiria wageni matusi yote waliyotukanwa, kama yalivyo. Akaniachia daftari, akaenda kuoga. Nikasahihisha. Kurasa thelathini za duara nyekundu, alikuwa ameandika kwa hasira. Nikafika mwisho, mlangoni, Mpagazi anaondoka kwenda kuzuia bwawa lisipasuke, na Bukuru ameandika maneno yake: "Unilindie." Basi. Hakuna "r", hakuna kosa. Nikasimamisha kalamu. Mwanamume mwenye nguvu za kubeba daraja anamwambia mwanamke wa dirishani, ambaye sioni ana kazi gani, kwamba amlindie. Amlindie nini? Mji, nyumba, jina lake, yale mabega? Nilisisimka. Nikaona hapo hapo filamu imeokolewa kwa neno moja, kwamba kumbe kukaa dirishani ilikuwa zamu. Nikapiga vema kubwa kuliko zote nilizowahi kupiga, mkia wake ukavuka mstari.

Siku ya kuonyeshwa banda lilifurika mpaka mabanzi yakalia. Watu waliguna kwa ile mashine, wakawapigia kelele maadui, na mama mmoja muuza ndizi akauliza kwa sauti muuguzi ameugua nini mbona hatoki. Ikafika mlangoni. Bukuru alishusha kipaza sauti karibu na mdomo, na badala ya kuitazama televisheni, akanitazama mimi niliyesimama penye pazia, akasema polepole, "Unilindie." Banda likanyamaza. Nilidhani wamesisimka nilivyosisimka mimi. Nje baadaye nilimshika mkono yule mama muuza ndizi nikamwambia umeona, muuguzi kapewa kazi. Akanitazama kama mtu asiyeelewa, akasema kazi gani, kazi hiyo wote tunayo.

Sasa najua alichomaanisha. Wakati ule nilidhani ameipenda filamu.

Wiki tatu baadaye Bukuru alipata nafasi chuo cha ualimu, mkoa wa mbali, miaka miwili. Alikuja kuaga asubuhi, mimi na sweta zangu, Shangazi akiwa ndani anachambua mchele karibu mno na mlango. Hakukuwa na namna ya kusema mengi. Shati lilikuwa jeupe. Aliweka lile daftari juu ya kaunta, akalisukuma upande wangu, akaniambia, "Mwanaidi, unilindie." Hakuniita dada. Nami, mjinga mimi, nikalivuta daftari nikalikumbatia, nikamjibu, "Nitakulindia, Bukuru. Usiwe na wasiwasi kabisa." Sijawahi kuona uso wa mtu ukifunguka vile. Akanishukuru mara mbili. Akaondoka karibu anakimbia, na mimi nikabaki kaunta machozi yakinitoka kwa uchungu, nikijiuliza huyu mtu gani, nimekaa naye miezi tisa, anaondoka, na la mwisho analotaka kwangu ni kumtunzia daftari. Nililia siku mbili. Shangazi alisema ni moshi wa kuni. Bukuru aliandika barua moja, ya heshima, kwa kuwa alijua barua za dukani hufunguliwa na nani. Salamu kwa wote, chakula cha chuoni kibaya, na mwisho, usisahau kunilindia. Nikamjibu kwamba sijasahau. Nafasi ya chuo ikatoka, nikarudi Tanga, nikaingia chuo, na mwaka wa pili akaja mtu mwema kuniposa. Nilijiuliza nani ananizuia. Nikaona hakuna.

Bukuru alirudi Kasulu baada ya ile miaka miwili, akaja dukani. Shangazi alinipigia simu kunieleza: kaja yule DJ wako, kanenepa kidogo, anakuuliza. Moyo ulinipiga, kisha nikakumbuka anachotaka, daftari lake, lililokuwa ndani ya mfuko wa plastiki chini ya nguo zangu, halijakunjika hata ukurasa. Nikamwambia Shangazi amwambie ukweli, kwamba nimeolewa, lakini nimemlindia. Shangazi akafikisha kama nilivyomtuma, neno kwa neno. Aliponipigia tena nilimuuliza alisemaje. Shangazi akanieleza. Aliomba maji, akanywa, akasema basi, akaenda zake. Niliona jeuri gani hii, nimemtunzia kitu chake na hata asante hana. Nilimkasirikia Bukuru miaka mingi kwa lile "basi".

Mwaka huu Shangazi alifariki, na siku chache kabla ya arobaini yake nikapanda Kasulu. Duka lina mwingine, banda limekuwa ghala la saruji. Nilikuwa nimelichukua daftari. Nilijiambia nakwenda kumrudishia mwenyewe, na nimweleze kwamba nimeiona ile filamu kwa Kiingereza na neno lake lilikuwa zuri kuliko la wenyewe. Tena nilikuwa nimeshamchorea Rehema jinsi ya kuitengeneza upya: maadui wawili watolewe, mashine ivuliwe, mabega yaume, na neno la mlangoni liwe la Bukuru, ili yule mwanamke aonekane akilinda, ashuke, afunge milango ya mji, aamke na watu. Nilitaka Bukuru aisikie hiyo. Nilimkuta Busunzu, mwalimu mkuu, kichwa cheupe, miwani. Alinipokea kwa adabu, ile adabu ya mtu aliyefunga mlango wa ndani. Aliniita "mama Rehema" kwa kuwa nilijitambulisha hivyo kwenye simu. Mke wake, Pelagia, ndiye aliyenichangamkia, akaniketisha sebuleni kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma, akaleta maji ya kunawa, akaniuliza habari za msiba. Ugali wa muhogo ulikuwa tayari, sombe, kisamvu cha kwao, iko mezani inanukia mawese. Akainuka. "Mgeni," akasema, "unilindie kidogo, nikaepue maharage."

Akatoka. Nami, kwa mazoea ya kaunta, nikaangalia alichoniachia nilinde. Mezani palikuwa na ugali wake na sombe yake, katika nyumba yake, mbele ya mume wake. Hakukuwa na kikapu. Hakukuwa na kitu chochote cha kulindwa na mtu. Nilitazama mlango aliotokea, kisha vikapu vyote vya Kasulu vikanijia kimoja kimoja, na wale akina mama wakinikuta nimesimama pale pale, na yule muuza ndizi akisema kazi hiyo wote tunayo. Nikamuuliza Bukuru, bila kumtazama, mkewe amesema nini. Akanijibu kwa uvumilivu wa mwalimu kwamba amesema umngoje kidogo.

Nikamwambia, "Bukuru, kwetu Tanga, kulinda ni kulinda tu."

Nikaona neno likimshukia, linapita miaka, linafika kaunta. Nikatoa daftari kwenye mfuko wa plastiki nikaliweka mezani, nikalisukuma upande wake. Nikamwambia nilidhani ndilo aliloniachia. Nikamwambia na ile salamu aliyoletewa na Shangazi ilikuwa ya daftari, sikuwa namdhihaki, Mungu ni shahidi sikuwa namdhihaki. Alilifungua kuanzia nyuma. Alipofika mlangoni mwa Mpagazi akaweka kidole juu ya ile alama nyekundu iliyovuka mstari.

"Hapa ulipiga vema," akasema.

"Niliona ni sahihi."

"Ni sahihi," akasema Bukuru. Akavua miwani. Mabega yakaanza kumtikisika, na mwanzoni nilidhani anacheka, na alikuwa anacheka, lakini si hilo tu. Pelagia akaingia na sufuria ya maharage, akatutazama, akauliza kulikoni. Mumewe akafuta macho kwa kiganja, akamwambia tulikuwa tunazungumzia filamu ya zamani, sehemu ya pili, iliyoharibika mwishoni. Akauliza imeharibikaje. Bukuru akasema shujaa anaaga, na yule mwanamke hajibu kitu. Nikasema alijibu. Pelagia akapakua maharage, akasema basi kama alijibu, kosa si lake. Tukala. Maharage yalikuwa mazuri, nikaongezwa, nikala.

Saa kumi Bukuru alinisindikiza mpaka barabarani kungoja gari dogo la kurudi Kasulu. Aliniuliza kuhusu Rehema, nikamuuliza kuhusu pacha wake, yuko Kumsenga, analima. Daftari lilikuwa kwapani mwake. Niliwaza njia nzima kwamba nimekosea kuitengeneza ile filamu. Maadui watoke, sawa, mashine ivuliwe, sawa, lakini neno liachwe kama lilivyoandikwa na Wazungu, amsubiri, na mwanamke aulize tu, mara moja, kabla mtu hajaondoka, unasema nini? Dakika moja ya filamu. Wangeipata wapi, hawa, na saa mbili zote za mabomu. Gari likatokea vumbini, likasimama, kondakta akachukua mfuko wangu akautupa nyuma. Bukuru akanyoosha mkono kuniaga, na mimi nilikuwa bado sijamwambia kwamba nililia siku mbili na haukuwa moshi wa kuni. Dereva akapiga honi.

Nikamgeukia yule dereva, kijana wa hapo hapo, nikamwambia, "Unilindie kidogo."

Akanielewa. Akazima injini.